Gauni Lililoolewa Peke Yake

Vijana wa media team wa kanisa letu wameniomba, kwa kuwa sasa nimestaafu, nije niwape mazungumzo ya dakika kumi kuhusu kazi ya kamera. Nimekataa. Nawajua. Dakika kumi za kanisa letu huanza na maombi, kisha aliyeomba anashukuriwa, kisha MC anamtambulisha mgeni ambaye kila mtu anamjua, na mimi ningebaki na dakika mbili za kusema kwamba Mungu ni mwema. Kwa hiyo nimeandika. Asiyependa kusoma aruke moja kwa moja hadi kwenye habari za drone, na namwambia mapema kwamba hazimo.

Hapa Birmingham nilifanya kazi mbili kwa miaka ishirini na kitu. Siku za wiki nilikuwa mhudumu katika nyumba moja ya wazee kule Sutton Coldfield. Jumamosi nilikuwa mpiga video wa harusi, ubatizo, mahafali na mazishi ya Wakenya na Wakongo. Kazi ya kwanza iliniumiza mgongo, ya pili masikio. Mambo ya vyeo nayaacha, maana katika ile ya kwanza sikupandishwa na katika ya pili nilijipandisha mwenyewe. Kwenye kadi zangu niliandika "Charo, Mkurugenzi wa Picha, Uingereza na Afrika Mashariki". Afrika Mashariki alikuwa shemeji yangu wa Kilifi mwenye laptop.

Siku ya kwanza pale Sutton sikumgusa mzee hata mmoja. Meneja wetu, Bi Lorraine, Mwingereza aliyeamini kwamba hakuna balaa duniani lisilozuilika kwa fomu, alituketisha wageni wawili mbele ya televisheni akatuwekea kanda ya zamani ya kufundisha jinsi ya kuinua mzigo bila kuumia. Mgeni mwenzangu alikuwa Esperance, binti wa Kikongo kutoka Uvira, aliyefika huku na shangazi yake kama wakimbizi akiwa bado wa shule. Esperance alisinzia kabla boksi la kwanza halijainuliwa.

Mimi sikusinzia, na sikuelewa kwa nini. Mwalimu wa ile kanda alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mtu mweusi kama mimi, amevaa ovaroli jeupe, anainua maboksi meupe mbele ya ukuta wa vigae vyeupe. Anakunja magoti. Anakumbatia boksi. Anasimama. Anarudia. Basi, dakika ishirini. Lakini yule mtu alikuwa na uso. Uliona jasho juu ya mdomo wake, uliona kwamba boksi lile limemchosha na kwamba hampendi sana aliyemwambia arudie. Nilitoka pale nikijua habari zake kuliko habari za kuinua mizigo, na mgongo wangu ni shahidi.

Wiki ya pili, kwenye kikao cha asubuhi, Bi Lorraine aliuliza kama kuna mtu anayejua Kiitaliano. Nikanyoosha mkono. Watu wakacheka, maana wasiotoka Pwani hawajui kwamba sisi wa Malindi tumelelewa na Waitaliano kiasi kwamba mtoto anajua kuitisha pizza kabla ya kujua kuitisha maji. Nilifanya kazi miaka sita jikoni kwa Mwitaliano mmoja muuza aiskrimu. Kiitaliano changu kilitosha kuuza, kusalimia, kuomba radhi na kutukanwa.

Nikapelekwa chumba namba tisa, kwa mzee aliyeitwa Renzo. Alikuwa amepigwa na kiharusi, na kiharusi hicho kilimwondolea Kiingereza chote cha miaka arobaini, kikamwachia Kiitaliano alichozaliwa nacho. Macho nayo yalikuwa na ule ugonjwa wa uzeeni unaofuta katikati ya kitu unachokitazama na kukuachia pembezoni tu. Ili akuone uso ilimbidi atazame sikio lako. Wahudumu wapya walidhani anawadharau. Alikuwa anawadharau kweli, lakini kwa sababu nyingine.

Nilipomwambia "Ciao, Renzo, come va?" aligeuza uso kuelekea sikio langu akaanza kusema, na hakunyamaza kwa nusu saa. Nilishika kama theluthi. Bi Lorraine, aliyesimama mlangoni na faili lake, akaniuliza mzee anasema nini. Mzee alikuwa amesema kwamba chai ya nyumba hii ni maji yaliyooshewa soksi, na kwamba taa ya dari ya chumba chake ni tusi kwa binadamu.

"Anashukuru," nikamwambia.

Akaandika. Kuanzia siku hiyo nikawa mkalimani rasmi, na Renzo akawa mzee mwenye shukrani nyingi kuliko wote katika mafaili ya Sutton Coldfield.

Maisha yake alinisimulia kwa vipande, nikimnyoa ndevu asubuhi. Hakukubali kunyolewa chini ya ile taa. Ilikuwa lazima nimsogeze dirishani, bega la kushoto mbele, na nisimame mahali ambapo yeye alipataka, la sivyo alifunga mdomo na povu lake hadi nitii. Alizaliwa katika mji wa ukungu kaskazini mwa Italia, ambako, kwa maneno yake, mtu hujifunza kuupenda mwanga kwa kuwa ni nadra kuuona. Baba yake alikuwa akipiga picha za vitambulisho. Alipokwenda Roma kutafuta kazi za sinema, kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika futi na kupima umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye pua ya mwigizaji. Alipima pua za watu maarufu miaka minne. Baadaye akashika kamera, na mwishowe akawa yule anayeamua mwanga uangukie wapi, ambaye kwa Kiitaliano cheo chake ni kirefu na kwa Kiswahili hatuna neno lake, kwa sababu sisi mwanga tunauacha uanguke utakapo.

Filamu zenyewe, alikiri, zilikuwa takataka. Alirekodi cowboy wasiowahi kumwona ng'ombe, na askari wa Kirumi waliokula makaroni nyuma ya hekalu la mbao. Mmoja wao alisahau kuvua saa ya mkononi. Iligunduliwa jioni, seti imeshaanza kubomolewa, na mkurugenzi akaanza kulia. Renzo akaomba nafasi moja tu ya kurudia, akautia ule mkono kivuli kizito kuanzia kwenye kiwiko. "Magazeti yakaandika kwamba kivuli kile kilimaanisha kifo," aliniambia. "Kilimaanisha saa."

Kisha akaoa Mwingereza aliyekuwa akiwapaka waigizaji vipodozi, mzaliwa wa hapa hapa Sutton. Mama mkwe akaugua, wakaja kwa mwaka mmoja, wakakaa arobaini. Birmingham haikuwa na askari wa Kirumi. Ilikuwa na viwanda. Akapiga filamu za kufundisha wafanyakazi wasitie vidole kwenye mashine, jinsi ya kuosha tangi, jinsi ya kuinua maboksi.

Nikasimama na wembe hewani. "Maboksi meupe?" nikamuuliza. "Ukuta mweupe?"

"Umeiona?" Aligeuza uso haraka hata nikakaribia kumkata. "Bado wanaionyesha?"

Nikamwambia kila mhudumu anayeingia nyumba hii anaitazama. Akasema kwamba basi ndiyo filamu yake iliyotazamwa muda mrefu kuliko zote, na akaomba nimalize shavu la kulia.

Wakati huo nilikuwa nimeshanunua kamera yangu ya kwanza na nilijiona fundi. Nilimpigia kifua kidogo. Akaniuliza napimaje mwanga. Nikamwambia naweka kwenye auto.

"Huyo Auto ni nani?" akasema. "Alisomea wapi?"

Nikacheka, nikaendelea na mambo yangu. Sikuona la kujifunza kwa mzee anayetazama masikio ya watu. Hili ndilo kosa la kwanza ninalotaka mlisome mara mbili.

Esperance akachumbiwa. Bwana harusi alikuwa Baraka, kijana wa Nakuru anayeendesha basi la kutoka mjini kwenda Lozells, na harusi ikapangwa ukumbi wa kanisa pale Newtown. Nikapewa kazi mimi, mtu wa nyumbani. Siku ya siku ukumbi ulijaa. Wakongo walivaa vitambaa vya kung'aa hata ukiwatazama sana unaona nyota, Wakenya walifika baada ya saa moja wakaomba programu ianze haraka. Nyuma ya mimbari kulikuwa na dirisha kubwa, na jua, ambalo Birmingham hulipata kwa mafungu, siku hiyo lilikuja lote. Mchungaji alinivuta pembeni akaniambia nisisahau kumchukua kwa karibu wakati wa mahubiri. MC alitaka ninase kila mgeni wa heshima, na pale ukumbini hakukuwa na mgeni wa aina nyingine. Nilikimbia kama kuku kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja, na sikutazama uso wa mtu.

Sasa niwaeleze kilichotokea, maana kitawatokea. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, huhudumia kwanza kile kilicho cheupe. Sisemi zaidi. Iliona gauni jeupe la mita nyingi, ikaona dirisha, ikasema hapa pana mwanga tele, ikafinya jicho lake. Gauni likatoka vizuri mno. Unaona uzi, unaona kila ushanga. Juu ya gauni pana kivuli chenye shela.

Mimi sikuona kasoro. Nilitia muziki, nikatia maua yanayoanguka, nikatia mioyo inayopepea, nikaandika jina langu mwanzoni na mwishoni kwa herufi kubwa. Nakala moja nikaiweka kwenye flash, ikabebwa na Mkongo mmoja aliyekuwa akisafiri, kwenda kwa mama yake Esperance kule Uvira.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Mama huyo hakuwa amemwona binti yake kwa miaka kumi na moja. Aliomba viza aje harusini, wakamnyima. Aliomba tena, wakamnyima kwa barua ndefu zaidi. Alikuwa mgonjwa wa moyo, na simu yake ilikuwa ile ndogo ya kupigia na kupokea tu. Sauti ya mwanawe aliisikia kila Jumapili. Uso alioujua ulikuwa wa mtoto wa shule. Flash ilipofika, alikusanya majirani, wakaazima televisheni, wakatandika mkeka, akavaa kitenge kipya. Wakatazama saa tatu nzima.

Jumatatu Esperance alinikuta chumba cha kufulia nikikunja shuka. Macho yamemvimba.

"Papa Charo," akasema, "mama anauliza mutoto wake iko wapi."

"Si ameona video?"

"Ameona robe, ile gauni. Watu beko nasema robe iko muzuri sana. Lakini uso aiko. Anasema tunaficha uso yangu juu iko na kitu. Anasema labda walinipiga, ao niliungua moto. Majirani nao wanamwambia ni kweli, mbona wanaficha?" Akafuta pua na kona ya shuka niliyokuwa nimeshaikunja. "Tangu samedi, leo siku ya tatu, hakule."

Nikamuuliza kwa nini asitume picha za simu za wageni. Kumbe ametuma, zikachapishwa, zikapelekwa. Lakini binamu zake wa hapa hawatoi picha bila kuipitisha kwenye zile programu za kulainisha ngozi. Mama alizishika zile picha, akazigeuza, akauliza huyu mzungu ni nani. Kwa hiyo kwenye video binti yake alikuwa kivuli na kwenye picha alikuwa maziwa, na mama wa watu akaamua kwamba mwanawe ameharibika uso na familia nzima inamdanganya.

Baraka naye alinipigia saa ya chai. Hakutukana, ni kijana wa adabu. "Mzee, si ati nakulaumu," akasema, "lakini hiyo footage, honestly, hata mimi sijajiona. Mamangu ameniuliza kama nilifika late."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Ningeweza kulaumu dirisha. Nililaumu dirisha kwa muda wa siku nzima. Kisha nikamkumbuka yule mtu wa maboksi: mweusi, ovaroli jeupe, ukuta mweupe, na uso wake umekaa wazi kabisa. Aliyeifanya kazi ile alikuwa chumba namba tisa, na mimi kila asubuhi nilimpaka povu nikamwacha pale.

Nilimweleza Renzo kila kitu, bila kujitetea. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mtu wa maboksi aliitwa Desmond," akasema. "Kanda unayoijua ni ya pili. Katika ya kwanza hakuwa na uso. Maboksi yalijiinua yenyewe." Wakubwa wa kiwanda, aliniambia, waliipenda sana ile ya kwanza. Maboksi yalionekana, vigae vilionekana, nani atake zaidi? Desmond aliitwa kuitazama pamoja nao. Ilipoisha akavaa kofia yake akasema, kwa heshima kabisa, "Maboksi mazuri." Akarudi kwenye mashine. Renzo hakula siku mbili, na kwa Mwitaliano huko ni kulazwa hospitali. Jumapili iliyofuata alimwomba Desmond msamaha, akamwomba ufunguo wa kiwanda, wakairudia filamu nzima wawili tu, bila wakubwa kujua.

"Kwa hiyo ulijifunza," nikasema.

"Nilijifunza kuona haya," akanijibu. "Mwanga nilikuwa naujua. Mlete msichana. Na hilo gauni."

Bi Lorraine hakukataa. Alitoa fomu. Ilibidi kuandika hatari zote za bibi harusi ndani ya nyumba ya wazee: mkia wa gauni ungeweza kumkwaza mtu, shela lingeweza kunaswa kwenye gurudumu, wazee wangeweza kupandwa na hisia. Mahali pa kuandika njia ya kuzuia hisia nilimwachia ajaze mwenyewe. Akaandika kwamba chai itakuwepo.

Tukatumia chumba cha vioo kinachotazama bustani, siku ya Esperance ya mapumziko, saa nne asubuhi. Renzo aliketi kwenye kiti cha magurudumu amevaa koti la suti juu ya pajama, akatoa amri kwa Kiitaliano, nami nikazitekeleza. Mapazia ya upande mmoja yafungwe. Bibi harusi asikae mbele ya dirisha, bali dirisha liwe ubavuni mwake. Shuka tano za kitanda kutoka chumba cha kufulia. Moja tuliitundika kwenye winchi ya kuinulia wagonjwa, tukaipandisha hadi ikarudishia mwanga upande wa pili wa uso. Kati ya kazi zote ilizowahi kufanya ile winchi, hiyo ndiyo pekee ambayo mtu hakulalamika. Shuka nyingine, ya bluu, Renzo akaamuru ifunike sehemu kubwa ya gauni lililobaki sakafuni, ili kamera isilione.

"Papa, na robe nayo nililipa!" Esperance akalalamika.

"Mwambie gauni haliolewi leo," Renzo akasema. "Liliolewa Jumamosi ile."

Kisha akaomba asogezwe karibu naye. Akauinua mkono wake, akauweka mgongo wa kiganja kando ya shavu la Esperance bila kuligusa, akakaa hivyo. Alikuwa anasikiliza joto la mwanga. Akasogeza mkono hadi upande wa pili. "Upande huu njaa," akasema. "Shusha shuka kidogo." Nikashusha. Akatoa kwenye mfuko wa koti kipima mwanga chake cha zamani, kidude cha ngozi na kioo kidogo, akanipa. Akaniambia nikishike pale pale mkono wake ulipokuwa, usoni, nisome namba, niiambie kamera namba hiyo, na Auto aende likizo.

Nilipotazama ndani ya kamera, dirisha lilikuwa limeungua kwa weupe na gauni lilikuwa kama maziwa yaliyomwagika. Nikataka kurekebisha.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Gauni limeharibika."

"Sikukuuliza gauni. Mimi katikati sina, Charo. Ni wewe wa kuniambia. Unaona nini?"

Nikaanza kumwambia, kwa Kiitaliano changu cha aiskrimu. Nikamwambia ana paji pana. Nina hakika nilisema paji lake ni kubwa kama sinia, kwa sababu neno la sinia nililijua. Nikamwambia nyusi moja iko juu ya nyingine. Nikamwambia ana pengo dogo kati ya meno ya mbele, na kovu juu ya jicho la kushoto. Nilikuwa nimefanya kazi na binti huyu miaka, tumegeuza wazee pamoja, tumekula chakula cha mchana meza moja, na kovu lile ndiyo mara ya kwanza naliona. Nikamuuliza. Akasema alianguka jikoni kwa mama yake alipokuwa na miaka minne, akaomba nimpe dakika moja alizibe kwa poda.

Renzo aliposikia anataka kupaka poda alipiga mkono wa kiti. "Ukiliziba," akasema, "mama atatafuta kovu hadi filamu iishe."

Tukaliacha. Nikamwambia Esperance azungumze na mama yake, sio na kamera. Alisema maneno machache. Alisema, "Mama, ni miye. Angalia, uso yangu iko muzima." Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akacheka kwa sababu mzee mmoja wa Kiingereza nyuma yetu alikuwa ameanza kupiga makofi na kuulizia keki. Halafu akalia, halafu akacheka tena. Baraka akaja na sare yake ya udereva, akasimama kando yake kwa muda mfupi, kwa kuwa basi lake alikuwa amemwachia mwenzake amshikie. Dakika nne jumla. Sikutia maua. Sikutia mioyo. Jina langu sikuliandika, na hilo Renzo hakuniambia, niliamua mwenyewe.

Mtandao wa kule haukuweza kubeba video, na flash ilichukua wiki tatu kufika. Katika wiki hizo mama alilazwa, akatolewa, akawa anakula uji tu, na Jumapili kwenye simu alizungumza na mwanawe kwa maneno ya kuhesabika. Kila asubuhi nikimnyoa Renzo aliniuliza kama kuna habari, na kila asubuhi nilimwambia bado. Nawaambia ukweli, niliogopa. Niliogopa kwamba mwanamke yule angekufa akiamini uongo niliouandika mimi kwa kutotazama.

Mambo yaliyofuata baadaye si marefu. Renzo aliondoka msimu wa baridi wa pili baada ya hapo, naye amezikwa Sutton kando ya mkewe, mahali pazuri penye mwanga wa ubavuni asubuhi, nilikwenda kupima. Kipima mwanga aliniachia. Nimepiga harusi nyingi tangu hapo, na katika nyingi nimegombana na mchungaji, na MC, na kamati ya maua, kwa sababu nilimwomba bibi harusi asimame pale mwanga ulipo badala ya pale upinde wa maputo ulipo. Sasa mgongo umekataa. Kipima mwanga kipo mezani kwangu hapa Newtown, betri hakihitaji, na yeyote kati yenu anayekitaka aje mchana ninywe naye chai. Nitamuuliza anaona nini usoni kwangu. Akianza na shati, atarudi mikono mitupu.

Lakini nilikuwa nasema habari za ile flash. Ilikuwa alasiri ya Jumatano. Esperance aliingia mbio chumba namba tisa, simu mkononi, sauti ameifungua tusikie wote. Kule Uvira kulikuwa na kelele za watu, televisheni, kuku. Mama hakuwa amesema lolote bado. Majirani walisikika wakinyamazishana. Renzo aligeuza uso wake kuelekea simu, yaani kuelekea dirishani, na akaushika mkono wangu.

Kisha sauti ya mwanamke mzee, kali, yenye nguvu zake zote, ikajaza chumba.

"Esperance! Juu ya nini umekonda hivi? Huko hakuna bugali? Huyo bwana yako anakulisha nini, majani ya chai?"

Na hakusimama. Alimfokea dakika tano bila kupumua, kuhusu mashavu, kuhusu shingo, kuhusu mifupa inayoonekana hapa na hapa, na Esperance amekaa chini sakafuni na sare yake ya kazi, analia na kusema "Ndiyo mama, ndiyo mama", na majirani nyuma wanachangia kwamba ni kweli, mtoto amekonda.

Renzo akanivuta mkono. "Anasema nini?"

"Anasema amekonda."

Alifunga macho yale yasiyoona katikati. Halafu akauliza, polepole, kama fundi anayeuliza kama mlango umefunga vizuri:

"Na gauni?"

"Gauni," nikamwambia, "hajalitaja."